SOMO: UNENE WA CHUMA CHA CHAPATI, NA NAMNA YA KUUHAKIKI KABLA YA KULIPA

Katika vitabu vya vyama vinavyoshughulika na mapishi, si ajabu kuikuta hati ya malipo iliyoandikwa maneno haya tu: "Vyuma vya chapati, 12." Idadi ipo, bei ipo, na saini ya mweka hazina ipo. Kisichokuwapo ni upana wa vyuma hivyo na unene wake. Hati ya namna hiyo haimsaidii mkaguzi wala haiwalindi wanachama, kwa kuwa chuma cha milimita 3 na chuma cha milimita 6 hufanana machoni pa mtu aliyesimama hatua tatu mbali navyo, ilhali kimoja kina uzito maradufu ya mwenziwe na kazi zao ni mbalimbali. Kamati isiyojua tofauti hiyo hununua kwa macho, na fedha inayotumika ni ya hisa za watu wote.

Unene hufanya kazi gani

Moto wa makaa hauwaki sawasawa. Ndani ya seredani mna mahali penye kaa jekundu na mahali penye jivu, na upepo wa kusi ukivuma mlangoni mahali hapo hubadilika kila dakika. Joto likiingia katika bamba jembamba hupenya moja kwa moja hadi juu kabla halijapata nafasi ya kutawanyika kandoni, na chapati hupata madoa meusi palipo na kaa na weupe palipo na jivu. Bamba nene hulipa joto njia ya kutembea kwenda pembeni. Hilo ni jambo la kwanza, na kila mpishi amekwisha kuliona hata kama hajalipa jina.

La pili ni kubwa zaidi. Chuma kilichopata moto ni ghala la joto. Chapati mbichi inapotandazwa, joto hutolewa ghalani. Sehemu yake hupasha unga, na sehemu iliyo kubwa zaidi hugeuza maji ya unga kuwa mvuke. Na ichukuliwe chuma cha mviringo chenye upana wa sentimita 30, kilichopashwa hadi nyuzi 220 za sentigredi, na juu yake chapati moja ya gramu 100. Lau moto wa chini usingerudisha kitu, chuma cha milimita 3 kingeshuka kwa nyuzi zipatazo 55 mpaka chapati iwive. Cha milimita 6 kingeshuka kwa nyuzi 28, na cha milimita 10 kwa nyuzi 17. Moto hurudisha, bila shaka, lakini huchelewa. Ndiyo sababu chapati ya tatu na ya nne juu ya chuma chembamba hukaa muda mrefu motoni, hukauka badala ya kuwiva, na hutoka nyeupe na ngumu. Mpishi hulaumiwa kwa kukanda vibaya, kumbe amekanda vyema na chuma ndicho kilichopoa.

Lakini ghala lazima lijazwe kwanza. Juu ya seredani ya nyumbani yenye moto wa wastani, chuma hicho cha milimita 3 huhitaji yapata dakika 4 kufikia joto la kazi, cha milimita 6 dakika 7 au 8, na cha milimita 10 dakika 12 au zaidi. Makaa yanayotumika kwa ajili ya kupasha tu huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Kwa kukisia kwamba seredani ya wazi hukipatia chuma sehemu moja kati ya tano ya joto la makaa, kuchagua milimita 10 badala ya 3 hula gramu 60 hivi za makaa zaidi kila mara moto unapowashwa. Gramu 60 si kitu katika jioni moja. Kwa mwaka mzima wa kila siku, ni kilo 22 za makaa, na katika kisiwa ambacho sehemu kubwa ya makaa yake huvushwa kwa vyombo kutoka Bara, hizo si kilo za kupuuza.

Jambo la tatu ni kupinda. Chuma kikiwa chekundu katikati na baridi ukingoni, katikati hutaka kutanuka na ukingo hukataa. Katika upana wa sentimita 30, tofauti ya nyuzi 200 hutaka nafasi ya kiasi cha milimita 0.7. Bamba nene huihimili nguvu hiyo. Bamba jembamba huitoroka kwa kubonyea kama sinia, na tangu siku hiyo mafuta hukimbilia upande mmoja. Kumwagia maji chuma cha moto ili kipoe upesi ni njia ya hakika ya kufikia hapo.

Kila pishi na chuma chake

Kwa hiyo swali la "unene gani ulio bora" halina jibu moja, na fundi anayejibu bila ya kuuliza kitakachopikwa hajastahili kusikilizwa. 

Nyumba inayochoma chapati kumi au kumi na tano jioni, juu ya seredani au jiko la gesi, hutoshelezwa na chuma cha sentimita 30 chenye unene wa milimita 4 au 5. Uzito wake utakuwa baina ya kilo 2.2 na 2.8, ambao mtu mzima huuinua kwa mkono mmoja. Kwenye jiko la gesi lenye duara moja la moto, milimita 5 ni afadhali kuliko 4, kwani moto huo huchoma kwa umbo la pete na kuacha kitovu kikiwa nyuma.

Mkate wa ufuta ni kesi ya peke yake, na ndio unaosahauliwa kila vyama vinaponunua vyombo kwa jumla. Rojo lake la unga, tui na hamira humiminwa katika chuma kisichopakwa mafuta ili liushike uso wa chuma. Upande wa chini ukishawiva, mpishi hukiinua chuma na kukipindua, mkate ukiwa umeng'ang'ania, ili uso wenye ufuta uelekee makaa. Mpishi hukishika hivyo hivyo, akikizungusha, mpaka uso uwe na rangi ya dhahabu. Katika siku za Ramadhani mama mmoja hufanya hivyo mara thelathini kabla ya magharibi. Akipewa chuma cha milimita 6 ataanza kwa hamu na atamaliza kwa maumivu ya kifundo cha mkono, au atakiacha chuma uvunguni na kurudia kikaango chake cha zamani. Kazi hii yataka milimita 3, upana wa sentimita 22 hadi 25, na mpini mrefu uliofungwa barabara. Chuma cha sentimita 25 kwa milimita 3 huwa na uzito wa kilo 1.2 kabla ya kutiwa mpini. Wembamba ambao kwa chapati ni upungufu, hapa ndio unaotakiwa.

Wauzaji wa Forodhani nao wana hesabu nyingine. Kile kinachoitwa pizza ya Zanzibar, yaani unga uliotandazwa mwembamba kama kitambaa, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kisha ukakunjwa kwa pembe nne, huwekwa kimoja baada ya kingine tangu jua kuchwa mpaka usiku wa kati. Yai na kitunguu vina maji mengi kuliko unga wa chapati, kwa hiyo joto linalotolewa ghalani kwa kila kipande ni kubwa. Hapa chuma cha milimita 6 hadi 8 hulipa gharama yake, kwa kuwa hupashwa mara moja tu na hutumika saa nne au tano. Wapo wanaosema kumi ni bora zaidi. Kwa bamba lililojengewa jiko lake na lisilosogezwa, yawezekana. Lakini meza za Forodhani hupangwa kila jioni na kuondolewa kila usiku, na chuma cha sentimita 60 chenye milimita 10 kina uzito wa kilo 22. Milimita 6 ni kilo 13 na ushei. Atakayeubeba mzigo huo ndiye apewe kauli ya mwisho, wala si mwenyekiti.

Chuma cha namna gani

Hesabu zote zilizotangulia ni za bamba la chuma cha kawaida, lile litumiwalo na mafundi wa kuchomelea madirisha na mageti. Chuma cha kusubu hufanya kazi sawa nacho, ila hukatika kikianguka na hupasuka kikimwagiwa maji kingali na moto. 

Alumini ni jamaa mwingine. Hupitisha joto vyema kuliko chuma na ni nyepesi, lakini kwa unene ulio sawa huhifadhi joto kidogo zaidi. Milimita 8 za alumini huweka akiba sawa na milimita 5 za chuma. Huyeyuka katika nyuzi 660, na makaa yaliyopepewa sana huweza kufika huko, hivyo si chombo cha kuachwa kitupu motoni. Tena, alumini iliyosubiwa kwa mabaki ya kila aina huweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, na hilo halionekani kwa macho.

Mfuniko wa pipa la lita 200 hupendwa kwa sababu ni rahisi. Unene wake ni kiasi cha milimita 1 tu, hivyo haufai hata kwa mkate wa ufuta, na pipa lenyewe huenda lilikuwa na dawa au rangi. Bati la zinki lisitumike kabisa kwa chakula. Na fundi asichomelee mpini juu ya chuma chenye zinki, kwani moshi wake humletea homa na kutetemeka usiku huo huo.

Bamba jipya huja na magamba ya kijivu ya kiwandani. Hulowekwa katika siki usiku mmoja, husuguliwa, hukaushwa motoni, kisha hupakwa mafuta membamba na kupashwa mpaka moshi ukome, mara tatu au nne. Mafuta ya alizeti hushika vizuri kuliko ya nazi, ambayo hubaki na utelezi bila ya kugeuka ngozi ngumu. Chuma cha mkate wa ufuta hakifanyiwi hivyo. Hicho husuguliwa na kukaushwa tu. Katika nyumba za Mji Mkongwe zilizoelekea bahari, chuma chochote kilichoachwa bila ya mafuta huwa chekundu kwa kutu siku ya pili.

Kuagiza na kupima

Hati ya kuagiza yapasa kutaja mambo manne: upana kwa sentimita, unene kwa milimita, aina ya chuma, na uzito wa kila kimoja kabla ya kutiwa mpini. Jambo hili la nne ndilo ulinzi wa chama. Si kila kamati ina kipimo cha kubana cha kupimia unene, na rula juu ya ukingo uliokatwa kwa moto hudanganya. Mzani, hata hivyo, upo katika kila duka.

Kanuni ni nyepesi kushika. Chuma cha mviringo chenye upana wa sentimita 40 huwa na uzito wa kilo 1, kwa kukaribia sana, kwa kila milimita ya unene. Cha sentimita 30 ni gramu 555 kwa kila milimita, na cha sentimita 60 ni kilo 2.2. Kwa upana mwingine wowote, zidisha upana kwa upana, kisha kwa unene wa milimita, kisha kwa 0.617, na jibu litakuwa gramu. Kwanza upana upimwe kwa njia mbili zinazokatana, maana mkato wa mkono si mviringo kamili, na sentimita moja iliyopungua katika 40 hupunguza uzito kwa sehemu tano katika mia.

Na ichukuliwe kuwa chama cha wanachama kumi na wawili kimeagiza vyuma 12 vya sentimita 40, milimita 6. Kila kimoja yapasa kiwe na kilo 5.9, na vyote pamoja kilo 71. Vikiletwa vya milimita 5, kila kimoja kitakuwa na kilo 4.9 na jumla itakuwa kilo 59. Kilo 12 zilizopungua ni sawa na vyuma viwili kamili: wanachama kumi na wawili wamelipia, na chuma walichopokea ni cha watu kumi. Mkononi, tofauti ya kilo moja haimshitui mtu anayekipokea kimoja kimoja. Mzanini hujitokeza mara moja.

Uzito wa kilo 5.7 au 5.6 usifanyiwe ugomvi, kwa kuwa mabamba ya kiwandani hayalingani kabisa na mkato nao hula kidogo. Kilo 4.9 ni bamba jingine. Vyuma vya namna hiyo virudishwe siku hiyo hiyo, mbele ya wajumbe wawili, kabla fundi hajachomelea mipini na kabla mweka hazina hajafungua kisanduku. Uzito uliokubaliwa uandikwe nyuma ya stakabadhi na katika daftari la mali, mbele ya jina la kila mwanachama aliyekabidhiwa.

Ikiwa vyuma vimekwisha kupokewa miaka iliyopita bila ya kupimwa, bado si kuchelewa kuvipima. Uzito wa mpini hutolewa kwa kukisia kutoka kwenye mpini mtupu wa namna ile ile ulioko kwa fundi.