Namna ya Kumpendekezea Kijana Kitabu Atakachokimaliza

Kijana wa sekondari katika nchi zetu hajakosa riwaya. Shida ni namna alivyokutanishwa nazo. Mtanzania amesomeshwa Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Mkenya, kutegemea mwaka aliofanya mtihani, amepitia Siku Njema, Utengano, Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri. Wote walizisoma kalamu mkononi, wakisaka dhamira, migogoro na tamathali za usemi, na wapo waliosoma mwongozo wa kitabu badala ya kitabu chenyewe. Ndiyo maana ukimpa riwaya leo, hata ikiwa zawadi ya sikukuu, yeye anaona swali la alama 15.

Hatua zifuatazo ni za shangazi, mjomba, mwalimu, mkutubi au dada mkubwa anayetaka kukitoa kitabu kwenye chumba cha mtihani. Nimewafikiria vijana wa miaka 13 hadi 18, wale wanaosoma Kiswahili bila shida lakini hawajazoea kusoma kwa hiari.

Hatua ya 1: Kisome wewe kwanza, chote

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Watu wazima hupendekeza vitabu walivyosoma zamani wakavisahau, au walivyosikia vikisifiwa redioni. Anayeumia zaidi kwa tabia hii ni Shaaban Robert. Kusadikika hutajwa na kila mtu kwa sababu ni kitabu chembamba na jina la mwandishi halina mpinzani. Kirudie leo utakumbuka kwamba sehemu kubwa yake ni Karama akijitetea barazani kwa masimulizi marefu, moja baada ya jingine. Ni kazi kubwa, ya mwaka 1951, na ninaipenda. Lakini si ya kumpa mtu ambaye hajawahi kumaliza riwaya kwa kutaka mwenyewe. Atakwama, na atadhani aliyeshindwa ni yeye.

Unaposoma, andika mambo matatu kwenye karatasi: ukurasa ambapo hadithi inaanza kukimbia, mahali inapolegea, na jambo lolote ambalo kijana au mzazi wake anapaswa kulijua kabla. Karatasi hiyo itunze ndani ya kitabu. Utaihitaji.

Hatua ya 2: Usimuulize anapenda kusoma nini

Jibu ni "chochote", na maana yake ni "sitaki". Muulize anatazama nini. Kuna anayeshinda na tamthilia za Kikorea, kuna wa sinema za vita anazosimulia DJ Afro, kuna asiyekosa kesi za mauaji kwenye YouTube, na kuna wa mpira tu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Wa kesi za mauaji mpe Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliotoka mwaka 1960. Maiti inapatikana mahali pa mizimu, na Bwana Msa, mtu wa kiko na maneno machache, anaanza kufumbua fumbo wakati wengine wanababaika. Akiupenda, vipo vingine vya Bwana Msa vya kumfuatisha, kama Kisima cha Giningi. Hii ni faida ambayo watu hawaithamini: kijana anayeanza anahitaji mhusika wa kurudia, ili akimaliza kimoja asiulize tena asome nini.

Wa sinema za vita anamfaa Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974). Risasi, ndege, safari za miji mbalimbali, hakuna kulala. Wanawake katika vitabu hivyo wamechorwa kwa jicho la wanaume wa enzi zile, na hilo nalisema waziwazi kwa kila ninayempa. Wasichana hasa hulijadili kwa ukali unaopendeza.

Anayetaka mapenzi, na ametimiza kama miaka 16, mpe Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi. Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anatoroka, na mapenzi yake na Denge yanamwingiza katika siasa za Zanzibar ya wakoloni. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana nayo ilitoka mwaka 2021. Baadhi ya walimu huiogopa filamu kana kwamba ni mwizi wa wasomaji. Kwa uzoefu wangu, kijana aliyeitazama hurudi kwenye kitabu kubishana: hapa wamekata, pale wamebadilisha.

Wa mpira ndiye mgumu. Riwaya nzuri ya Kiswahili ya kandanda ni adimu, kwa hiyo usijidanganye na kitabu kibovu chenye picha ya mpira kwenye jalada. Mpe hadithi yenye mashindano na ukaidi ndani yake. Kuli ya Adam Shafi inafaa, kwa sababu Rashidi na wenzake bandarini wanacheza mechi nzito kuliko zote, ile ya mgomo wa mwaka 1948.

Hatua ya 3: Pima lugha, lakini kwa siri

Tanzania mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Watu wazima wengi huchukulia riwaya ya Kiingereza kuwa dawa ya kipindi hicho. Kijana anayehangaika na kitabu cha biolojia mchana kutwa hahitaji mhangaiko mwingine jioni. Mwache apumzike katika lugha anayoota nayo. Kiingereza kitakuja, na kitamkuta tayari ana tabia ya kusoma.

Hata Kiswahili chenyewe si kimoja. Kijana wa Mbeya au Eldoret anaweza kukwama kwenye misemo ya Unguja inayomtoka Bwana Msa, kama wa Mombasa anavyoweza kukwama kwenye maneno ya Ukerewe ya Kezilahabi. Mfungulie ukurasa wa katikati, mwache ausome kimya, wewe ukijishughulisha na jambo jingine. Akiinua macho haraka, labda ameshindwa. Akiendelea hadi ukurasa wa pili bila kuambiwa, umepata. Usimsomeshe kwa sauti mbele ya wadogo zake.

Na kama kuna misemo migumu, mwambie kabla: "Utakutana na maneno ya kizamani, yaruke tu, hadithi haitakupotea." Wanafunzi wetu wamefundishwa kwamba kuruka neno ni kosa. Ruhusa hiyo peke yake imewavusha wengi.

Hatua ya 4: Mambo mazito yaseme kabla

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni Tanzania. Ndani yake kuna baba mlevi na mkali, msichana aliyefugwa kwa kipigo hadi hajui kujilinda anapokuwa huru, mimba, na kujiua. Nusu karne baadaye bado ni miongoni mwa riwaya chache zinazozungumza na wasichana juu ya mambo yanayowapata kweli. Je, umpe wa miaka 14? Mimi simpi. Wa miaka 17 nampa, lakini namwambia yaliyomo, pamoja na mwisho wake, na mzazi wake nampigia simu. Wazazi huudhika zaidi wanapogundua wenyewe kuliko wanapoambiwa. Na kijana ambaye nyumbani kwao yapo kama hayo, au ambaye amefiwa kwa namna hiyo, ana haki ya kuchagua kutokisoma sasa.

Hapa kuna mtego mwingine, wa watu wenye nia njema. Tukimwona yatima tunamtafutia riwaya ya yatima. Binti mwenye ualbino tunamletea Takadini, kitabu cha Ben Hanson kuhusu mtoto mwenye ualbino katika Zimbabwe ya kale. Ni kitabu kizuri, na inafaa kisomwe na darasa zima. Lakini yeye huenda amekwisha kupewa na kila mtu mzima aliyemwonea huruma, na anachotaka ni kujua nani alimuua yule maiti wa kwenye mizimu. Kitabu kinachofanana na maisha ya mtu kiache rafuni mahali atakapokiona mwenyewe. Kumkabidhi mkononi ni kumwambia jinsi unavyomtazama.

Hatua ya 5: Mweleze kwa sentensi tatu, kisha nyamaza

Sentensi isiyotakiwa ni hii: "Kitabu hiki kina mafunzo mengi." Ukishaitamka, umerudi darasani.

Sema nani, anataka nini, na kinachomzuia. Kwa Siku Njema ya Ken Walibora (1996): "Kuna kijana wa Tanga, mamaye alikuwa mwimbaji wa taarabu na amefariki. Hajawahi kumwona baba yake. Anaamua kuvuka hadi Kenya kumtafuta, na hana kitu mfukoni." Kwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022: "Mvulana wa miaka 12 anasafirishwa na tajiri anayedhani ni ami yake. Anakuja kujua kwamba ametolewa rehani kwa deni la baba. Halafu wanaingia bara na msafara." Hii ni ya wasomaji waliokomaa kidogo, maana inakwenda polepole.

Peleka vitabu vitatu, kamwe si kimoja. Kimoja ni amri. Vitatu vinampa nafasi ya kukataa viwili bila kukuvunjia heshima, na utajifunza zaidi kutokana na alivyovikataa.

Hatua ya 6: Hakikisha kinapatikana

Kupendekeza kitabu ambacho hakipo mjini ni kumchosha mtu. Dar es Salaam jaribu duka la TPH mtaa wa Samora, Soma Book Cafe kule Mikocheni, au Maktaba Kuu. Mikoani zipo maktaba za mikoa, ingawa rafu za riwaya mara nyingi zina nakala moja iliyochakaa. Nairobi kuna McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, matawi ya maktaba ya taifa, na wauzaji wa kando ya barabara ambao wenyeji huwaita Inama Bookshop. Unaponunua cha mtumba, hesabu kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Riwaya ya upelelezi isiyo na sura ya mwisho ni ukatili.

PDF za kwenye WhatsApp utaletewa tu. Mwandishi hapati hata senti, mwambie hivyo, kisha changisheni na wazazi wenzako mnunue nakala mbili za kuzungushana.

Hatua ya 7: Baada ya wiki mbili

Usiulize "umejifunza nini?" Uliza "nani amekuudhi?" Kila msomaji wa kweli ana mhusika anayetaka kumzaba kofi.

Akisema amekiacha katikati, pokea kitabu bila uso wa huzuni. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, aliyewahi kuwa mwalimu, aliorodhesha haki 10 za msomaji katika kitabu chake cha 1992, na kutomaliza kitabu ni mojawapo. Muulize ameachia ukurasa gani, ulinganishe na ile karatasi yako ya hatua ya kwanza. Mara nyingi ni palepale ulipoona panalegea.

Weka daftari dogo: nani kachukua kipi, nani karudisha, nani kampa rafiki bila kukuaga. Huyo wa mwisho usimkemee. Nunua nakala nyingine.

Na siku atakapokupendekezea yeye, kisome. Huenda isiwe riwaya ya karatasi bali hadithi ya mfululizo anayoifuata Facebook, yenye makosa ya tahajia na shujaa anayefufuka kila wiki. Isome hadi alipofika yeye. Kisha mpe maoni ya kweli kama anayokupa yeye, na kama imekuchosha, mwambie ni sehemu ya ngapi.