Maumivu ya Shingo Yaliyoficha Uvimbe: Somo Kutokana na Maisha ya Mpiga Gitaa Chuck Schuldiner

Utangulizi

Tarehe 13 Mei 1999, siku alipotimiza umri wa miaka 32, mpiga gitaa wa Kimarekani Chuck Schuldiner alielezwa kwamba ana saratani katika shina la ubongo. Kilichompeleka kutafuta tiba kilikuwa maumivu ya sehemu ya juu ya shingo. Miaka miwili na miezi saba baadaye, tarehe 13 Desemba 2001, alifariki dunia.

Somo hili linamkumbuka msanii huyo kwa manufaa ya aina mbili za wasomaji: wahudumu wa afya, ambao kila siku hupokea watu wenye maumivu ya shingo, na wagonjwa pamoja na jamaa zao. Hoja yake ni moja. Mgonjwa huulizwa mara ya kwanza ili tujue pa kuanzia. Huulizwa tena ili tujue kama tulianza mahali panapostahili.

Marehemu alikuwa nani

Schuldiner alizaliwa mwaka 1967 katika jimbo la New York na kukulia Florida. Alipokuwa mtoto alifiwa na kaka yake katika ajali ya gari, na wazazi wake wakamnunulia gitaa ili apate faraja. Masomo ya gitaa la kawaida hayakumvutia. Alipopata gitaa la umeme hakuliacha tena. Akiwa bado kijana aliunda bendi iliyokuja kuitwa Death, yaani Mauti. Albamu yao ya kwanza, Scream Bloody Gore, ilitoka mwaka 1987, nayo huhesabiwa miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za tawi la muziki wa metali lenye sauti ya kunguruma na magitaa yaendayo kasi. Wapenzi wa muziki huo humwita baba wa tawi hilo, ingawa mwenyewe hakupenda kujitwalia cheo hicho.

Nyimbo za awali zilijaa mambo ya kutisha. Kadiri alivyokua, aliyageukia mambo ya wanadamu walio hai: unafiki, upweke, maamuzi yanayofanywa kando ya kitanda cha mgonjwa. Albamu ya mwaka 1991 aliipa jina Human, yaani Mwanadamu. Ya saba na ya mwisho kwa bendi hiyo ilitoka mwaka 1998.

Dalili iliyofanana na nyingine zote

Maumivu yalipoanza, Schuldiner alidhani ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga. Mtu anayesimama jukwaani saa nyingi, gitaa likining'inia begani na kichwa kikiinamishwa na kuinuliwa kwa nguvu, ana kila sababu ya kuumwa shingo. Alitafuta nafuu kwa wataalamu wa kunyoosha mgongo na kukanda misuli, na katika kuhangaika huko akapata ushauri wa kupiga picha ya MRI. Picha ikaonyesha uvimbe.

Ni lazima tuseme wazi, ili tusiwatie watu hofu: maumivu mengi ya shingo hayatokani na saratani. Hutokana na misuli, viungo, namna ya kulala au namna ya kufanya kazi, na kwa kawaida hupungua katika wiki chache. Kumpeleka kila mwenye shingo inayouma kwenye MRI si uganga mwema, wala hakuna nchi inayoweza kuumudu. Kinachotakiwa ni kumtambua yule mmoja ambaye maumivu yake hayafuati njia ya wengine.

Shina la ubongo na kazi zake

Shina la ubongo ni sehemu fupi inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Katikati yake pana sehemu ambayo wanaanatomia waliipa jina la Kilatini lenye maana ya daraja, na jina hilo linastahiki. Hapo hupita njia zote za mwendo na hisi kati ya ubongo na mwili, na jirani yake hutoka mishipa ya fahamu inayogeuza macho, kukaza uso, kuhisi ngozi ya uso na kusikia. Chini kidogo ya daraja hilo kuna vituo vya kumeza na kupumua.

Saratani ya Schuldiner ilikuwa glioma ya daraja hilo, aina inayokua kwa haraka. Glioma huanzia katika chembe zinazoshikilia na kulisha chembe za fahamu. Za mahali hapo huonekana zaidi kwa watoto. Kwa watu wazima ni nadra. Ugumu wake ni mahali ulipo: uvimbe ambao kwingineko ungekatwa wote, hapo umezungukwa na nyuzi ambazo mtu hawezi kuishi bila hizo.

Uchunguzi usiohitaji mashine

Mhudumu wa zahanati isiyo na MRI si mnyonge. Mgonjwa mwenye maumivu ya shingo au kichwa yanayoendelea, hasa anaporudi mara ya pili, apewe dakika chache kwa hatua zifuatazo:

1. Afuate kidole chako kwa macho, kushoto na kulia, juu na chini. Je, anaona vitu viwiviwili? Je, jicho moja linabaki nyuma?
2. Atabasamu, kisha afumbe macho kwa nguvu. Je, pande mbili za uso zinalingana?
3. Aseme sentensi ndefu, atoe ulimi, anywe funda la maji. Je, sauti imebadilika? Je, anapaliwa?
4. Anyooshe mikono yote mbele na kufumba macho. Je, mkono mmoja unashuka?
5. Aguse pua yake, kisha kidole chako, mara kadhaa; halafu atembee kwa kufuatanisha kisigino na vidole. Je, anayumba?

Kasoro yoyote mpya katika hatua hizi ni sababu ya rufaa ya haraka. Vivyo hivyo maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi na kuambatana na kutapika, degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuipata, au udhaifu unaoongezeka wiki hadi wiki. Picha ya CT husaidia panapokosekana nyingine, lakini MRI huonyesha shina la ubongo kwa uwazi zaidi, kwa kuwa mifupa minene ya chini ya fuvu huharibu picha ya CT mahali hapo.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Ukirudi hospitali, usiseme tu kwamba bado unaumwa. Eleza kilichobadilika: ulianza lini kupaliwa, lini kikombe kilikuponyoka, lini uliona taa moja kuwa mbili. Maelezo kama hayo humfungua daktari macho.

Matibabu na bei yake

Schuldiner alianza kwa tiba ya mionzi, ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya tiba ya uvimbe wa namna hiyo. Mwezi Januari 2000 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa mabaki. Alipata nafuu, akarudi kwenye muziki na kufanyia kazi albamu ya pili ya bendi yake nyingine, Control Denied. Mwaka 2001 saratani ilirudi.

Hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipojitokeza, nao ni ukosefu wa fedha. Kama wasanii wengi wa nchi yake, hakuwa na bima uvimbe ulipogunduliwa. Alipopata bima baadaye, ilikataa kulipia maradhi yaliyokuwapo kabla ya mkataba. Wanamuziki wenzake na mashabiki wakachanga. Wasomaji wetu waliowahi kukaa katika kikao cha mchango wa matibabu wataitambua hali hiyo bila kuelezwa. Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2010 ilikuja kuzikataza bima kumkataa mtu mzima kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao tayari, na katazo hilo likaanza kutumika mwaka 2014. Yeye alikuwa amekwisha kufa.

Kwa mhudumu, fundisho ni kwamba swali la uwezo wa kulipa liulizwe mapema na kwa staha. Mgonjwa anayetoweka kliniki mara nyingi hakupuuza tiba. Ameshindwa nauli na kuona haya kusema.

Katika mwaka wake wa mwisho alipewa dawa iitwayo vinkristini. Asili ya dawa hii ni mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe, unaopandwa pia kama pambo katika nyua za Afrika Mashariki. Msomaji asichemshe majani yake: mmea huo una sumu, na dawa hupatikana baada ya kusafishwa na kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Hospitalini hutolewa kwa mshipa wa damu pekee. Ikiingizwa kwa kosa katika maji ya uti wa mgongo, huua. Madhara yake yanayojulikana sana ni ganzi na udhaifu wa vidole. Kwa hiyo kabla ya kuianza, ni vyema kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Fundi cherehani, mwandishi na mpiga gitaa wanastahili kuelezwa jambo hilo mapema.

Jina la bendi si wasia

Mwaka 1988 Schuldiner alitunga wimbo uitwao Pull the Plug, unaomhusu mgonjwa aliyeunganishwa na mashine ambaye anatamani aachwe aende. Angeingia wodini mtu asiyemfahamu, akaona bendi yenye jina la Mauti na wimbo wa namna hiyo, angeweza kudhani kwamba kijana huyu ameyadharau maisha. Lakini alipougua alitafuta kila tiba iliyopatikana, na kati ya tiba na tiba aliendelea kutunga.

Matakwa aliyoyatamka mtu akiwa mzima hayawezi kuchukuliwa kuwa ndiyo matakwa yake anapougua. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso tangu siku ya utambuzi, huanza kwa kumuuliza: unaogopa nini, unataka nini, nani awe karibu nawe? Na kwa kuwa majibu hubadilika, maswali hayo hurudiwa.

Siku za mwisho

Majira ya mwisho wa mwaka 2001, mwili wake ukiwa umedhoofika, alipatwa na nimonia, na hakupona. Kwa wagonjwa wa shina la ubongo kwa jumla, nimonia ni adui wa kutazamiwa, kwa sababu kumeza na kukohoa hulegea. Jamaa wanaomuuguza mtu nyumbani wamkalishe wima anapokula, wampe matonge madogo, wasimlaze mara tu baada ya kula, na wamsafishe kinywa kila siku. Homa au pumzi ya haraka isisubiri kesho.

Hitimisho

Chuck Schuldiner aliishi miaka 34 na kuacha muziki ambao vijana wangali wanajifunza kuupiga. Hatusemi kwamba angepona kama picha ingepigwa mapema zaidi. Glioma ya mahali pale bado ni ngumu hata leo. Tunasema kwamba uvimbe wake ulipatikana kwa sababu maumivu ya shingo hayakuachwa bila kutafutiwa chanzo. Mgonjwa atakayerudi kesho kwa dalili ileile anastahili hivyo hivyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kituo chako, mgonjwa anayerudi na maumivu yaleyale huchunguzwa upya, au hurudiwa dawa zilezile?
2. Ni nani humuuliza mgonjwa kuhusu gharama, na huulizwa lini?
3. Je, unayafahamu matakwa ya mgonjwa wako wa sasa, au unayakisia?