Kazi ya Kulehemu Chuma na Amri ya Saba

Watu wa Mahurunga, karibu na mlango wa mto Ruvuma, waijua kutu vema. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo chumvi hula baiskeli, matoroli, bawaba za milango na mashine za kukoboa mpunga. Kwa hiyo fundi wa kulehemu hakosi kazi. Tena nchi ya Mtwara imeona kazi kubwa ya namna hii: bomba la gesi litokalo Madimba hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, ni vipande vya chuma vilivyoungwa kwa moto, kiungo baada ya kiungo, kwa mamia ya kilomita. Na tujifunze misingi ya njia mbili za kazi hiyo.

1. Maandalio

Ondoa kutu, rangi na mafuta mpaka chuma king'ae. Vaa kinyago chenye kioo cheusi cha namba 10 au 11, glovu kavu za ngozi, mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu. Mwanga wa kulehemu huunguza macho, hata ya mtoto asimamaye kando akitazama. Maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, kana kwamba mchanga umeingia machoni. Basi weka pazia, uwaondoe watoto.

Usilehemu ukiwa umelowa, wala usisimame majini, maana umeme huua. Pipa lililotiwa petroli usilitie moto, hata likionekana tupu: mvuke uliobaki hulipuka. Na chuma kilichopakwa zinki hutoa moshi uletao homa. Kikwanguliwe kwanza, na kazi ifanyike mahali penye hewa.

2. Kulehemu kwa kijiti

Kijiti ni waya wa chuma uliopakwa dawa. Umeme ukiruka kati ya ncha yake na chuma, vyote viwili huyeyuka. Dawa huungua, na moshi wake hukikinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Kisha hubaki ganda juu ya mshono.

Kijiti cha milimita 2.5 chataka ampea 70 hadi 90. Cha milimita 3.2 chataka ampea 90 hadi 130. Kwaruza ncha kama uwashavyo kiberiti, kisha uinue kidogo. Pengo lisizidi unene wa waya. Kilaze kijiti nyuzi 10 hadi 15 kuelekea uendako, ukikokote kwa mwendo mmoja. Litazame ziwa dogo la chuma kilichoyeyuka, si mwali. Ukienda upesi mno, mshono huwa mwembamba na dhaifu. Ukikawia, chuma chembamba hutoboka.

Kabla ya kupitisha mshono wa pili, gonga ganda lote na kupiga brashi ya waya. Ganda lililofukiwa ndani ni ufa unaongoja siku yake. Vijiti navyo viwekwe pakavu. Vikilowa, mshono huwa na vitundu.

3. Kulehemu kwa TIG

Hapa ncha ni ya tangsteni, isiyoyeyuka mpaka joto lifike nyuzi 3,422 za Sentigredi. Nayo haiingii katika mshono. Gesi ya argoni, kama lita 8 hadi 12 kwa dakika, hufukuza hewa. Mkono mmoja hushika tochi. Wa pili huchovya waya wa kujazia katika ukingo wa mbele wa ziwa. Ncha ikigusa chuma au waya huchafuka. Hapana budi kuinoa tena, kwa kufuata urefu wake. Ukimaliza, acha tochi mahali pale sekunde chache, gesi ikiendelea kutoka, mpaka mshono upoe.

Adui wa njia hii pwani ni upepo. Kusi ikivuma hupeperusha argoni, na mshono hujaa vitundu. Kwa hiyo TIG yafaa nyuma ya ukuta, kwa vyuma vyembamba na kazi safi; kijiti chafaa nje. Lakini chumba kisifungwe kabisa, kwa kuwa argoni hufukuza pia hewa tunayovuta.

4. Mshono na dhamiri

Mshono mbovu waweza kufunikwa kwa rangi. Mwenye baiskeli hulipa, hupakia gunia lake la mpunga, naye hajui neno mpaka uma wa mbele ukatike mteremkoni. Daktari Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akiieleza Amri ya Saba, ahesabu bidhaa mbovu pamoja na wizi. Na Amri ya Tano yatukataza kumdhuru jirani mwilini mwake. Basi rangi ile yavunja amri mbili kwa siku moja.

Fundi mwaminifu hujijaribu kwanza. Huunga vipande viwili vya unene ule ule, huvibana katika jiliwa, na kuvipiga nyundo mpaka vipindane. Kiungo kikikatika, aijue kasoro yake kabla mteja hajaijua kwa kuumia. Na kazi asiyoiweza aikatae waziwazi. Kijana apendaye kujifunza na amtafute fundi wa namna hiyo, au aende chuo cha VETA pale Mtwara.

Maswali ya kukumbuka

1. Kwa nini ganda huondolewa kabla ya mshono wa pili?
2. Argoni hufanya kazi gani, na upepo huiharibuje?
3. Afichaye mshono mbovu amwibia jirani kitu gani?