Vanila inaoza mizizi: tufanye nini?

Kule Beni na Mambasa wakulima wengi wamechanganya vanila na kakao. Vanila inaomba uvumilivu: karibu miaka 3 mbele ya kuona maua ya kwanza. Ndiyo maana inauma sana kuona kamba inakauka mwaka uleule ilipaswa kuzaa. Leo tujifunze juu ya ugonjwa wa kuoza mizizi.

Unatoka wapi?
Unaletwa na fuzariumu, aina ya uyoga mdogo sana usioonekana kwa macho. Unakaa ndani ya udongo miaka mingi, hata kama vanila haiko tena pale. Unahama pamoja na udongo, maji yanayotiririka, kisu, na zaidi mbegu: kile kipande cha kamba tunachopeana sisi kwa sisi.

Tuutambue namna gani?
Funua kidogo majani makavu kwenye shina. Mizizi mizima ni meupe na imara. Yenye ugonjwa ni ya kahawia na imeoza. Kamba inatupa mizizi mipya ya hewani, lakini nayo ikigusa udongo inaoza. Mwishoni shina linakunjamana, majani yanageuka manjano. Wengi wanafikiri udongo umechoka, wanaongeza samadi mbichi. Hiyo inazidisha kuoza.

Tufanye nini?
Dawa ya kuponya mzizi uliooza haiko. Lakini kamba ya juu inaweza kuokolewa mapema:

1. Kata juu, mbali na sehemu yenye ugonjwa. Tazama ndani: ukiona alama ya kahawia, panda juu tena, ukate mpaka pawe safi.
2. Tembea na visu 2: kimoja mkononi, kingine ndani ya javeli (kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji). Badilisha kila mumea.
3. Tundika kipande kivulini siku 7 hivi, kidonda kikauke.
4. Panda mahali pengine pasipotuama maji. Funika vifundo vya chini kwa majani yaliyooza vizuri, lakini ncha iliyokatwa ibaki nje ya udongo.
5. Ngoa kamba iliyobaki na mizizi yake, choma. Usirudishe vanila pale.

Tena, tusichoshe kamba. Kuchavusha maua yote kunaidhoofisha. Maua 8 mpaka 10 kwa kila kichala yanatosha.

Neno la mwisho
Kumunyima jirani mbegu ni vigumu, tunajua. Lakini kumupa kipande chenye ugonjwa ni kumupotezea miaka 3. Kabla ya kupeana, tuende wote wawili shambani, tufunue mizizi, tutazame.

Tuzungumze katika kikundi: Ni mashamba gani kwetu yenye kamba nzima? Nani atachunga bustani ya mbegu safi ya koperative?