Mashine ya sikio na makelele ya barabarani

Swali: Mama anauza leso Biashara Street, Mombasa. Nyumbani mashine yake ya sikio haina neno. Dukani asikia honi na tuktuk tu, mteja hamsikii. Tumnunulie nyingine?

Jibu: Msiharakishe. Mashine za dijitali nyingi sasa zina maikrofoni mbili. Sauti ya mbele hufikia maikrofoni ya mbele kwanza. Kwa tofauti hiyo ndogo mashine hupunguza sauti za nyuma. Lakini mwenye duka hutazama barabara! Ageuze kiti, mteja aingie ndani, honi zibaki mgongoni.

Fundi aikague pia: jasho na unyevu wa Mombasa huziba vitundu vya maikrofoni. Usiku toeni betri, muiweke mashine koponi pamoja na vipakiti vya kukaushia.