Damu Safi, Miguu Je? Kupima Nguvu za Mwili kwa Wanaosafishwa Damu

Sisi wa Elimu tunaimbishwa tangu mwaka wa kwanza: kipimo halali ni kile kinachopima ulichokusudia kupima. Ukitaka kujua kama mtoto anajua kuogelea, usimpe karatasi ya maswali, mpeleke majini. Kanuni hii haiishii darasani. Tuitazame kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kazi na wanaishi kwa kusafishwa damu na mashine, yaani dayalisisi.

Kwa kawaida mgonjwa huyu huenda hospitali mara 3 kwa wiki, kila mara kama saa 4. Hupimwa uzito na presha, na kila baada ya muda damu pia. Vipimo hivyo ni vya lazima, ila havisemi kama anaweza kuinuka bila kushikwa mkono, kupanda daladala au kusimama ubaoni kipindi kizima. Baba yangu mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi na yuko kwenye mashine. Kila mtu humuuliza majibu ya damu. Alipoanza kufundisha akiwa amekaa, hakuna aliyeliandika hilo popote.

Misuli ya wagonjwa hawa hupungua kwa sababu nyingi: sumu zinazobaki mwilini, upungufu wa damu, lishe duni, na saa nyingi za kulala au kukaa. Inapungua polepole, hadi mgonjwa na ndugu wanazoea. Ndiyo maana tunahitaji namba.

Vipimo vyenyewe ni rahisi:

Kwanza, kiti. Kiti kisicho na mikono kinawekwa ukutani, mgonjwa anakunja mikono kifuani, kisha anasimama na kukaa mara 5. Akitumia zaidi ya sekunde 15, hiyo ni dalili kwamba nguvu za misuli zimeshuka.

Pili, mwendo. Anatembea mita 4 kama anavyotembea siku zote. Sekunde 5 au zaidi, yaani mita 0.8 kwa sekunde au chini ya hapo, ni onyo.

Tatu, pumzi na ustahimilivu. Anatembea dakika 6 kwenye korido, unapimwa umbali aliofika.

Nne, mkono. Anaminya kifaa cha kupimia nguvu za kiganja, kwa mkono usio na fistula ile ya kuchomea sindano.

Sasa suala la uthabiti. Mtihani hautungwi ufanywe wakati mwanafunzi hajalala usiku kucha, halafu tuseme hana akili. Mgonjwa aliyetoka kwenye mashine mara nyingi amechoka na presha yake inaweza kuwa imeshuka. Kwa hiyo apimwe kabla ya kuanza kusafishwa, au siku isiyo ya mashine, na safari nyingine apimwe wakati uleule, kwa kiti kilekile. Msimamizi awe karibu asije akaanguka. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, kipimo kinasitishwa hapohapo. Kazi hii ni ya mtaalamu, tusiende kuwasimamisha wazee wetu sebuleni.

Na kubwa kuliko yote: alama isiyobadilisha kitu ni kazi bure. Upimaji endelevu una maana pale mwalimu anapobadili somo kutokana na majibu. Hapa pia, matokeo yakishuka, daktari aangalie upungufu wa damu, mtaalamu wa lishe aangalie sahani, na wa fiziotherapia apange mazoezi. Yapo hata ya kukanyaga baiskeli ndogo huku mtu akiendelea kusafishwa. Kisha apimwe tena, alinganishwe na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita.

Wengi wetu tuna ndugu, jirani au mwalimu aliye kwenye mashine. Ukienda kumjulia hali, usiishie kwenye majibu ya damu. Muulize, "Siku hizi ukiinuka kitini, unashikilia nini?" Akikujibu, mshauri alifikishe jibu hilo kliniki.