Kamera Ndani ya Goti: Inamfaa Nani, Haimfai Nani

Goti likikwama ghafla baada ya kupindwa vibaya, likakataa kunyooka, huenda gegedu imechanika na kipande chake kimejipenyeza kati ya mifupa. Hapo upasuaji wa matundu madogo una kazi yake hasa.

Daktari bingwa wa mifupa hutoboa matundu mawili au matatu, kila moja halifiki sentimita 1. Katika tundu moja hupitisha kamera yenye unene wa milimita 4 hivi, na katika jingine vifaa vya kukatia na kushonea. Maji ya chumvi huingizwa ili kiungo kitanuke na picha ionekane vizuri kwenye skrini. Mgonjwa huchomwa ganzi mgongoni au hupewa nusu kaputi, na wengi hulala nyumbani kwao usiku huohuo. Njia hii si ya jana: daktari Mjapani Kenji Takagi alichungulia hivyo ndani ya goti la maiti huko Tokyo mwaka 1918.

Leo hutumika kushona gegedu, kujenga upya kano iliyokatika uwanjani, kuosha usaha, na kuchukua kinyama cha kupima kama uvimbe usiopona ni TB. Bega, nyonga na kifundo cha mguu navyo hutibiwa hivyo.

Lakini babu au bibi ambaye goti lake limesagika, yule anayeambiwa “mafuta yameisha”, asiharakishwe kupasuliwa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliosafishwa goti kwa njia hii hawakupata nafuu zaidi kuliko waliochanjwa ngozi tu. Mwaka 2017 jopo la kimataifa likashauri vikali wagonjwa wa aina hiyo wasifanyiwe upasuaji huu. Familia isiuze ng'ombe wala kukopa kikoba kwa ajili hiyo. Mazoezi ya kukaza misuli ya paja na kupunguza uzito humsaidia zaidi. Goti likichakaa kabisa, daktari atazungumzia kulibadilisha.

Baada ya upasuaji, mazoezi ya fiziotherapia ni nusu ya tiba. Aliyejengewa kano asirudi kucheza mpira kabla ya miezi 9 hivi, hata kama hasikii maumivu. Homa, usaha, au shavu la mguu kuvimba na kuuma: rudi hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikibana, usingoje hata saa moja, kwani damu iliyoganda mguuni huweza kufika kwenye mapafu.

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mwulize daktari anakwenda kurekebisha nini hasa. Akijibu “tutasafisha tu”, tafuta maoni ya daktari wa pili.